Lini Nishuke Dunguni

Wifi yangu hakuniambia nitoke. Alinifungia mlango. Nilikuwa nimesimama ukumbini na ndoo ya maji ya moto ya kumkandia, nikapiga chafya mbili, mara nikasikia komeo linaingia kwa ndani na sauti yake nyuma ya mlango: "Iweke hapo hapo, wifi. Mama atakuja kuichukua."

Huyu wifi ni mke wa kaka yangu. Alikuwa mzazi, yuko chumbani na mtoto wa kiume, arobaini yake bado. Kwetu Mtunda mzazi anakaa ndani, anakandwa, analishwa, anafukiziwa udi, hatoki uani mpaka arobaini itimie. Hilo nalijua na nalikubali. Nisilolikubali ni kufungiwa mlango kwenye nyumba ya mama yangu, niliyozaliwa humo humo, kwa chafya mbili. Ndoo nikaitua kwa nguvu maji yakaruka, nikaanza kusema. Nikisema mimi hata wa barabarani wanasimama.

Mama akaja akanivuta mkono mpaka uani.

"Punguza hiyo sauti. Mwenzio keshazika."

Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alishikwa na kifua akiwa mchanga vilevile. Yalianza mafua, mafua ya kuletewa na mmoja wa waliokuja kutoa hongera, nani hatujui na hakuna aliyetaka kujua. Yakashuka kifuani, wakamkimbiza Kibiti, hakurudi mzima. Hakufika arobaini. Aliyemtoa nje yule mtoto ni kaka, na alimtoa akiwa kwenye sanda.

Sasa kwetu, kumtoa mtoto nje siku ya arobaini ni kazi ya shangazi. Mama mtu anaoga, mtoto ananyolewa nywele za tumboni, halafu shangazi anampokea mlangoni na kumzungusha nyumba nzima kwa nje, anamwonyesha vitu kimoja kimoja na kumtajia. Hiki kinu. Huu mtungi. Hili jembe la baba yako. Ile njia ya msikitini. Baba yetu kabla hajafariki alituzaa wawili tu, kaka na mimi. Shangazi ni mimi. Nisipokuwepo mimi anachukuliwa binti wa baba mdogo wa Ikwiriri, ambaye tangu mtoto azaliwe alishapiga simu mara nyingi kuuliza sare ya shughuli ni rangi gani, wakati hata salamu ya Idi huwa hatuletei. Yule wa kwanza sikuwahi kumbeba nje. Huyu niliapa nitambeba hata iweje.

Jioni ile kichwa hakikuinuka. Mwili unawaka, koo kama limesuguliwa mchanga, mifupa inauma mpaka ya vidole. Asubuhi kaka akanipakia kwenye pikipiki yake mpaka Kibiti, mimi nyuma nimejifunga kanga mpaka puani. Pale kituo cha afya nesi alikuwa dada wa makamo, ana haraka lakini anasikiliza. Akanisikiliza kifua, akanipima homa, akaangalia koo.

"Nesi, hii korona?"

"Kipimo chake leo hakipo. Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa mafua makali ya aina nyingine. Kifuani bado pasafi. Iwe hii iwe ile, kukaa mbali na watu ni kulekule. Nyumbani kuna nani?"

Nikamwambia. Aliposikia kuna kichanga akaweka kalamu chini.

"Basi nisikilize vizuri, maana wengi wanasikia nusu. Kaa mbali na huyo mtoto na mama yake. Utajua umeanza kupona ukipita mchana mzima na usiku wake bila homa, na unajisikia nafuu. Bila homa maana yake bila dawa ya kushusha homa. Ukimeza Panadol homa inajificha, wewe unadhani umepona. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ikishapita hiyo, unaweza kukaa na watu wazima, lakini bado siku kama tano unavaa barakoa, maana mdudu haondoki siku moja na homa. Na kwa kichanga usiende kabla hizo siku hazijaisha. Kikohozi kinaweza kukubakia wiki, hicho kisikutishe. Ila ukibanwa pumzi au kifua kikauma, usikae huko, rudi hapa."

Akanipa karatasi ya Panadol. Mimi vidonge siviwezi, tangu mtoto kikifika kooni kinarudi. Nikamwambia, akasema basi ninywe maji kwa wingi, dawa nitumie homa ikinizidi tu. Kaka alikuwa nje na pikipiki, hakusikia hata moja. Kwenye duka la dawa nikamwambia aninunulie kipima joto. Akauliza cha nini, mkono si upo? Nikamwambia mkono wa kwangu mwenyewe unaungua, utapima nini. Akanunua. Karatasi yake iliandikwa lugha tele isipokuwa yetu. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini karatasi haijawahi kunishinda, neno nisilolijua naliuliza simu.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na ukumbi. Mtu akikohoa huku, kule wanaitikia. Nikasema naenda dunguni.

Dungu ni kibanda chetu cha shambani, kimeinuliwa juu kwa nguzo, unapanda kwa ngazi ya miti, paa la nyasi, kuta nusu. Kipo bondeni kwenye mpunga. Wakati ule mpunga ulikuwa unajaza punje, na mpunga ukijaza lazima mtu aamie ndege, awafukuze toka alfajiri mpaka jua lizame, la sivyo unavuna makapi. Mama ndiye alikuwa anaamia, huku ana mzazi wa kumhudumia nyumbani. Kwa hiyo mimi nikienda napona huku nafanya kazi, mama anapumzika, na mtu wa kunifungia mlango hapatikani kwa sababu dungu halina mlango. Hili la mwisho nililisema kwa sauti wifi asikie.

Mama akanifungia mkeka, blanketi, neti, dumu la maji. Ile karatasi ya vidonge nikampa. "Kaa nazo wewe, mimi siziwezi." Akazifunga kwenye pindo la kanga.

Madungu ya majirani yapo kushoto na kulia, wa kukusikia hakosekani. Dungu la karibu alikuwepo mzee mmoja ambaye kwa ukoo namwita babu, na yeye kwa utani ananiita mke wake. Siku ya kwanza ndege walipotua nikafungua mdomo kuwafukuza, ikatoka hewa. Sauti imekwenda. Nikabaki kuvuta kamba ya madebe tu, kwangala kwangala.

Babu akapaza sauti toka kwake: "Mke wangu mbona kimya? Nimekukosea nini?"

Nikapunga mkono kwamba siwezi kusema.

"Alhamdulillahi," akasema. "Miaka yote naomba nisikie ndege wa bonde hili wanavyolia."

Mama alikuwa anakuja asubuhi na jioni na uji. Anauweka kwenye ngazi ya chini, anarudi nyuma mpaka kwenye tuta, mimi nashuka nauchukua. Uji wa mchele, tui zito, tangawizi, pilipili manga, na sukari kama wa harusi. Nikimaliza nasema, mama, huu uji unaponya. Anasema kunywa mpaka chini, mwanangu, usibakize. Anasimama pale pale mpaka aone nimeinamisha kibakuli.

Siku za mwanzo homa ilikuwa inapanda na kushuka, halafu ikatulia. Asubuhi kipima joto thelathini na sita na ushee, jioni vilevile, nikiamka usiku vilevile. Mchana mzima na usiku wake. Nikaanza kuhesabu siku za barakoa, nikaangalia na arobaini, nikaona vinakutana. Nitaingia nyumbani na siku yangu mkononi, bila kumwomba mtu.

Halafu sauti ikarudi. Nakumbuka walikuwa wametua kundi zima upande wa mfereji, nikasimama nikapiga ukelele nilioutoa tumboni, ndege wote wakanyanyuka.

"Haya," babu akasema, "redio imerudi hewani. Amani imekwisha."

Jioni mama alikuja anacheka. "Umesikika mpaka nyumbani. Kila mtu anasema kapona."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwamia ndege akiugua watu hawaulizi homa, wanasikiliza bondeni. Siku sauti yake inavuka mpunga na kufika majumbani, huyo kapona, wanaacha kupeleka pole. Na mimi, pamoja na kipima joto changu, niliamini sauti ile kuliko kitu chochote. Kaka akapiga simu: "Nitakufuata kabla ya arobaini, jiandae." Nikajibu niko tayari tangu jana.

Wifi yeye hakupiga. Tangu siku ya mlango hatukuwa tumesemeshana. Mimi namngoja aanze, yeye sijui alikuwa anangoja nini.

Ikafika siku ambayo mama alikwenda Kibiti kununua vitu vya shughuli, mchele, mafuta, vitunguu, kuku. Akaniambia leo uji hakuna, akaniachia mihogo na dagaa nipike mwenyewe. Nikapika, nikala, nikafukuza ndege. Alasiri nikaanza kusikia baridi na jua linawaka. Nikasema labda ni jua lenyewe. Nikakaa kivulini, nikanywa maji, nikapima. Thelathini na nane nukta nne. Nikakipangusa, nikangoja, nikapima tena. Ile ile. Usiku ule nililala na blanketi na kanga mbili juu yake.

Asubuhi mama akaja na uji kama kawaida, hata kwenye salamu sikumwambia la homa, nilikuwa nimechoka. Nikanywa. Yeye akashuka kwenye matuta kuchuma matembele. Kabla hajajaza ungo jasho likanitoka, mwili ukapoa. Nikashangaa. Homa gani hii inayomwogopa mama yangu? Nikaangalia ndani ya kibakuli. Chini kabisa, chini ya lile tui, kulikuwa na unga mweupe umegandia. Nikaweka kidole, nikaramba. Sukari kwanza, halafu uchungu.

"Mama."

"Ee."

"Humu mna nini?"

"Uji."

"Chini ya uji."

Akaendelea kuchuma. "Tangawizi."

"Tangawizi nyeupe?"

"Ah, we mwanangu una maneno." Akasimama, mikono kiunoni. "Kwani ndiyo leo? Tangu una meno mawili nakuwekea dawa kwenye uji. Vidonge vya malaria vyote ulivyopona navyo ulivipataje? Ulidhani unapona kwa uzuri wako?"

Miaka yote hiyo sikujua. Nimezunguka mtaani najisifu mimi sijawahi kumeza kidonge.

"Nesi alisema bila dawa, mama! Nipime homa bila dawa, ndiyo nijue. Sasa umenipa kila siku, homa ilikuwa imejificha, mimi nimekaa hapa nahesabu upepo."

"Kaniambia nani hayo? Kaka yako karudi kasema upumzike, unywe maji. Wewe ukanipa vidonge mkononi, ukasema kaa navyo. Mtu anaumwa, dawa ninayo, nikae nayo nafanya tambiko?"

Maneno yote ya nesi nilikuwa nimeyabeba peke yangu kama mali yangu, mimi ninayesema mchana kutwa. Kwa hasira nikarusha kijiko mpunga ukatikisika, ndege wakaruka. Angalau hilo likafaa.

Mama akakitafuta kile kijiko, akakipangusa, akakiweka kwenye ngazi. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sasa mwenzio usimwambie."

"Nani?"

"Wifi yako. Alishazika mmoja. Leo asikie mimi ndiye niliyekuwa nakufunika homa ili ushuke ukambebe huyu, atanionaje? Nitakaa naye vipi nyumba moja?"

Mama yangu namjua, haombi. Mume alikufa hakuomba, shamba mafuriko yakabeba hakuomba. Nikamwambia sisemi. Nikamwambia pia asiniletee tena dawa, hata punje, aniletee uji mtupu au asilete kabisa. Akaapa.

Mchana kaka akaja na pikipiki mpaka kwenye tuta kubwa, mkononi ana mfuko. Ndani dera langu la sare, kijani, limeshonwa vizuri. Arobaini ilikuwa kesho yake.

"Shuka twende."

"Simama hapo hapo. Siji. Homa imerudi."

"Imerudi lini? Juzi umepiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba."

"Jana alasiri. Kipimo kimesema."

"Pima nione."

Hapo nikajua nimekwisha. Kwa sababu uji wa asubuhi ulikuwa bado mwilini. Nikasema nimechoka kupima. Akasema pima. Nikaweka kwapani, nikakaa, kikalia, nikakishusha na kamba ya madebe akisome kwa mbali kidogo, akajifunika pua na shati akasogea.

"Thelathini na sita nukta saba." Akaniangalia juu. "Hii ndiyo homa?"

Ningesema neno moja tu. Uji. Ningemaliza kila kitu kwa neno moja, na mimi nisiyeweza kukaa na neno mdomoni hata la mtu nisiyemjua, nikalimeza hilo.

"Siji, kaka."

"Una kinyongo cha mlango."

"Sina."

"Unacho. Mke wangu alifunga mlango kwa kumwogopea mwanawe, wewe unamlipa siku ya arobaini. Mbele ya watu. Wanamtazama mzazi anatoka, shangazi mtu hayupo, wasemeje? Yule alizikwa hukumbeba, huyu mzima humbebi, sasa wewe ni shangazi wa nini?"

Wallahi kama isingekuwa homa ningeshuka tukashikana mashati, mimi na kaka yangu tunayependana. Nilishika nguzo ya dungu. Nikamwambia aondoke kabla sijamtukana. Akatundika mfuko wa dera kwenye ngazi. "Basi atambeba wa Ikwiriri," akasema, akapiga kiki pikipiki, akaondoka.

Babu kwenye dungu lake hakutania. Alivuta kamba ya madebe yake, akavuta na yangu iliyopita kwake, akawafukuza ndege wangu mpaka jioni.

Usiku nikaiacha homa iseme yenyewe. Ilipanda, nikanywa maji, nikalowesha kanga nikaweka kipajini, pumzi nikaichunga kama nesi alivyosema, haikubana. Asubuhi ya arobaini nikakaa naangalia moshi wa majiko unapanda upande wa kwetu, moshi mwingi wa pilau. Dera lile nilikuwa sijalitoa mfukoni. Nikawa nawaza sasa hivi ananyolewa. Sasa hivi mama yake anaoga. Sasa hivi wa Ikwiriri anampokea, ataanza na nini, hata kinu chetu kilipo hapajui.

Simu ikaita. Wifi.

"Wifi."

"Naam, wifi."

"Mama keshaniambia. Ya uji."

Sikujua anasema kwa hasira au vipi.

"Kaka yako jana alirudi anafoka, ati umetususia. Kila mtu akaanza na lake, wifi hivi, wifi vile, mdomo mrefu moyo mfupi. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Akawasikiliza, halafu akaweka kisu chini, akasema. Mbele ya wageni wote wa Ikwiriri. Akasema mtoto wangu msimseme, homa niliificha mimi, yeye kanisitiri."

"Usimkasirikie mama, wifi. Yeye hakuambiwa. Nesi aliniambia mimi."

"Nani kamkasirikia? Nimelia kidogo, halafu nikamuuliza, mama, na mimi kwenye uji wangu unaweka nini? Akaapa ni pilipili manga tu. Sasa simwamini, nauchungulia chini kila siku."

Nikacheka, kikohozi kikanishika, akangoja mpaka kimalizike.

"Kaka yako yuko hapa, kajificha nyuma ya mlango anasikiliza, hana uso wa kuongea na wewe."

"Mwambie nitamsema nikishuka. Haya, anabebwa na nani? Wa Ikwiriri?"

"Habebwi. Mtoto ananyolewa, mimi naoga, wageni wale pilau yao waende. Sisi hatutoki. Tunakaa ndani mpaka ushuke wewe."

"Watu watasema."

"Wanasema tangu jana. Mimi siku ile sikukufungia wewe, wifi. Nilifungia ile chafya. Lakini ungeshuka juzi kwa sifa ya sauti, ningekufungulia, maana na mimi nilikusikia ukipiga kelele nikasema huyo kapona. Ungempokea mlangoni hapa na homa ndani ya uji." Akamtuliza mtoto. "Kwa hiyo sasa tunahesabu wote. Kila ukipima nitumie picha. Maneno yako nayajua, nataka picha."

Basi ile shughuli ikawa shughuli bila mwenye shughuli. Maulidi ikasomwa, pilau ikaliwa, mzazi na mtoto wako chumbani mlango umefungwa. Mama mkubwa mmoja akauliza kwa sauti, hii arobaini inayokuwa hamsini ni mila ya wapi? Mama akamjibu ni mila ya hapa, na akamwongeza mnofu. Wa Ikwiriri akapiga picha na dera lake uani, akarudi kwao na sufuria ya pilau.

Mimi nikawa natuma picha. Asubuhi picha, jioni picha. Homa ikakawia siku kadhaa ikipanda na kushuka bila mtu kuizuia, ikaanza kuchoka, mwishowe ikapita mchana mzima na usiku wake chini, nami tumboni sina kitu ila mihogo na uji niliouchunguza mpaka kwenye kijiko. Nikatuma picha. Akajibu: "Hiyo moja. Sasa barakoa." Akaanza kuhesabu yeye zile tano. Siku ya pili yake nikamwambia mwili umerudi, nasikia njaa, nimebeba dumu la maji mwenyewe. Akasema vizuri, kaa huko.

Kikohozi ndicho kilichotusumbua. Hakikuisha.

"Huo ni moshi wa dunguni au ni kifua?" akauliza kwenye simu.

"Nadhani moshi. Nawasha chini kufukuza mbu."

"Unadhani au unajua?"

"Sijui, wifi. Nesi alisema kinaweza kubaki wiki, kisinitishe."

Akafikiri. Nilisikia mtoto anakoroma kifuani mwake. "Homa hakuna?"

"Hakuna tangu picha ile."

"Pumzi?"

"Nzima."

"Basi siku zikiisha uje. Lakini usiingie ndani. Nitamtoa mimi mpaka mlangoni, wewe utampokea hewani, na barakoa, mikono umenawa. Umzungushe, umrudishe. Mengine mpaka kikohozi kiondoke."

"Sawa."

"Hukasiriki?"

"Kwa nini nikasirike? Tumekubaliana."

Siku ya kushuka nilioga dumu zima la maji, nikavaa lile dera la kijani na barakoa. Babu akaniona ngazini. "Mke wangu unaniacha?" Nikamwambia namwahi mume mdogo. Akasema mpunga ataangalia yeye, mradi niende polepole, nimpe siku mbili tatu za kimya.

Nyumbani hakukuwa na wageni. Mama, kaka, basi. Kaka akataka kusema kitu, nikamwambia baadaye, nina kazi. Nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikasimama uani mbele ya mlango. Komeo likatoka. Wifi alikuwa amepungua, amekuwa mweupe kwa kukaa ndani, udi unatoka nyuma yake. Akanyoosha mikono, nikapokea.

Mtoto mzito kuliko nilivyodhani. Nilianza. Hiki kinu, bibi yako anatwangia. Huu mtungi, usiuvunje, baba yako alivunja wa kabla yake akachapwa. Hili jembe. Hii pikipiki, hii inamtia baba yako kiburi. Ile njia ya msikitini. Kule mbali, unaona kile kidude kwenye miti, lile dungu, shangazi yako alikaa kule.

Akapiga chafya.

Mama alikuwa anafagia, fagio likasimama. Kaka akainuka. Mimi nikaganda, nimemshika mbali na uso wangu, barakoa imenibana, sijui nirudi mlangoni au nikae pale pale. Wifi akatoka kizingitini, hatua yake ya kwanza ya nje, akaja akamwangalia mtoto usoni, akamgusa kipaji, akamsikiliza pumzi. Akamfuta pua kwa pindo la kanga. Udi ulikuwa unatufuata mpaka uani, hata mimi ulikuwa unanikereketa.

"Jikoni bado hujamwonyesha," akasema.

Nikampeleka jikoni. Nikamwonyesha mafiga, mwiko, kata, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Juu ya mafiga kulikuwa na sufuria imefunikwa, nikaifunua kwa mkono mmoja.

"Na huu," nikamwambia, "ni uji wa bibi yako. Huu kabla hujanywa unauliza."

"Nimesikia," mama akasema toka uani, na fagio likaendelea.